Nyangumi Wasiokuwemo Kwenye Ripoti

Tukizungumzia mikataba ya bahari, huwa tunauliza nani kasaini. Mimi kazi yangu ya uandishi wa habari imenizoesha kuuliza jingine: nani anahesabu?

Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Uvuvi wa Nyangumi ulisainiwa Washington tarehe 2 Desemba 1946, na Umoja wa Kisovieti ulikuwemo. Ukaunda tume ya kupanga nani avue nini, wapi na kiasi gani. Lakini kila nchi ilijihesabia yenyewe. Wakaguzi wa kwenye meli walikuwa raia wa nchi ileile inayovua. Yaani mchezaji ndiye refa.

Matokeo yake? Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasovieti waliripoti kuvua nyangumi wenye nundu 2,710 katika bahari za kusini mwa dunia. Idadi halisi ilizidi 48,000. Mipango ya serikali ilidai tani, na tani zikapatikana, hata baada ya nyangumi hao kupigwa marufuku kuvuliwa huko kusini mwaka 1963.

Kwetu Afrika Mashariki tunawajua jamaa zao: wale wanaopanda kutoka Antaktika na kuonekana Zanzibar na pwani ya Kenya kati ya Julai na Oktoba, kisha wakarudi. Lakini Bahari ya Arabu, upande wa Oman, ina nyangumi wa nundu wasiohama kabisa. Wanakula na kuzaa hapohapo mwaka mzima. Meli-viwanda zilikatazwa kuwagusa katika maji hayo. Basi katikati ya miaka ya 1960, meli za Kisovieti zikaua 242, wengi wao Novemba 1966. Ripoti rasmi hazikusema neno.

Waangalizi kutoka mataifa mengine waliruhusiwa melini mwaka 1972. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, tume ikaitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi ya nyangumi. Hatua kubwa kwa nchi ndogo iliyokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru! Ila waliokufa walikuwa bado hawajahesabiwa. Ukweli ulianza kutoka mwaka 1993, mwanasayansi wa Kirusi Alexei Yablokov alipoufichua hadharani. Yuri Mikhalev akachapisha habari za Bahari ya Arabu mwaka 1997, kwa takwimu zilizokusanywa kwenye meli zenyewe.

Wapo wanaosema mikataba ya namna hii ni karatasi tu. Sikubaliani nao. Bila karatasi ile, mauaji ya 1966 yangekuwa uvuvi wa kawaida, na hakuna ambaye angehitaji kuyaficha. Lakini karatasi haihesabu. Leo nyangumi wa nundu wa Oman wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Hao tunawajua kwa sababu watu huenda baharini na kuwapiga picha mkia mmoja mmoja.