Wageni wa makanisa wanaokuja kujenga nyumba: utaratibu huu ulianzia wapi?

Huenda umewahi kuwaona: vijana wa makanisa ya Marekani au Ulaya wakichanganya zege kijijini kwa wiki moja au mbili, kisha wanaondoka. Historia ya safari hizi inapita Afrika.

Mwaka 1973 Millard Fuller, mwanasheria wa Marekani aliyewahi kuwa tajiri akagawa mali yake, alihamia Mbandaka, Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), pamoja na mkewe Linda. Walijenga nyumba huko kwa miaka 3. Waliporudi kwao, mwaka 1976, walianzisha shirika la Kikristo la Habitat for Humanity mjini Americus, Georgia. Rais mstaafu Jimmy Carter alianza kushika nyundo nao mwaka 1984.

Nyumba zao hazikuanza kama sadaka. Familia ilikopeshwa bila riba, ikashiriki ujenzi kwa mikono yake, na marejesho yakajengea wengine.

Mgeni hujilipia nauli na kuchangia gharama. Hapo ndipo penye ubishi: nauli ile ya ndege ingemlipa fundi wetu siku nyingi, naye anaijua kazi kuliko mwanafunzi. Watetezi hujibu kwamba bila safari, mchango usingetoka kabisa. Huenda ni kweli.

Wakija kwenu, ulizeni kabla msingi haujachimbwa: kiwanja kimeandikwa jina la nani, marejesho ni kiasi gani kwa mwezi, na mafundi wa kijiji wataajiriwa wangapi.