Mashine Ikikataa, Tunarudi Wapi?

Machi 4, 2013, foleni za kura zilianza kabla jua halijatoka. Kufikia mchana, mashine nyingi za kutambua wapiga kura zilikuwa zimekataa. Zingine betri ziliisha ndani ya madarasa yasiyo na stima, zingine nywila zilisumbua. Kilichookoa siku ni daftari lililochapishwa. Karani alitafuta jina lako kwa rula, ukapiga kura, ukaenda zako.

Tulikimbilia mashine kwa sababu karatasi nayo ilikuwa imetuangusha. Baada ya uchaguzi wa 2007 na damu iliyofuata, tume ya Jaji Johann Kriegler ilipendekeza mwaka 2008 mfumo mzima urekebishwe. Kufikia mwisho wa 2012, watu zaidi ya milioni 14 walikuwa wamesajiliwa kwa alama za vidole. Mfumo mpya ukawashwa nchi nzima, siku moja.

Kisha skrini za Bomas zikaanza kusema mambo ya ajabu: kura zilizokataliwa zilipita 300,000. IEBC ilieleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Utumaji wa matokeo kwa mtandao ukaachwa, na maafisa wa maeneobunge wakaitwa Bomas na fomu zao mkononi. Mshindi alitangazwa Machi 9.

Kurudi nyuma kuliwezekana kwa sababu moja: fomu zilikuwepo. Lakini kubadilisha njia katikati ya hesabu kuliacha maswali, hata baada ya Mahakama ya Juu kuidhinisha matokeo.

Mapema 2017 sheria ikaongezwa kifungu cha 44A: lazima kuwe na njia mbadala teknolojia ikishindwa. Hata hivyo, Septemba 1, 2017, mahakama hiyohiyo ilifuta uchaguzi wa urais. Matokeo yalikuwa yametangazwa kabla fomu zote za 34A kufika, na IEBC haikufungua seva kama ilivyoagizwa.

Mwaka 2022 picha za fomu 34A ziliwekwa mtandaoni, nakala halisi zikapelekwa Bomas kuhakikiwa. Mtu wa hapa Kinoru angeweza kufungua fomu ya kituo chake kwa simu na kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni.

Agosti 2027 inakuja. Watakuonyesha mashine mpya na kasi yake. Wewe uliza: ikikataa tunarudi wapi, na nani ana ruhusa ya kusema turudi?