Mapambo ya Gari na Rangi Mpya

Katika Marekani ya miaka ya 1920, upakaji rangi wa magari uliacha kuwa kazi ya brashi ya majuma kadhaa, kwa kuwa laka ya nitroselulosi iitwayo Duco, iliyotengenezwa na DuPont na kutumika kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924, ilipulizwa na kukauka upesi. Mtindo wa rangi mbili ulipoenea, ulileta taabu: karatasi zilizobandikwa kukinga sehemu isiyopakwa zilipobanduliwa ziliondoka na rangi. Taabu hiyo ndiyo aliyoiona Richard Drew wa kampuni ya 3M katika karakana za St. Paul, Minnesota, naye mwaka 1925 akabuni utepe wa kufunikia, yaani ukanda wa karatasi wenye gundi hafifu.

Utepe huo ulikuwa neema, lakini pia kishawishi. Magari ya miaka ya 1950 yalijaa mikanda ya kromu, nembo na fremu za taa, na kuyafunika mapambo hayo kulikuwa rahisi kuliko kuyang'oa, ingawa rangi inayoishia ukingoni mwa ukanda wa kromu huacha mstari dhaifu unaopenyeza maji, na kutu iliyojificha nyuma yake huendelea kula bati. Kwa sababu hiyo mwenye gari aliyetaka kazi safi bila kumlipa fundi saa nyingi alifungua mapambo mwenyewe, akilegeza nati kutoka ndani ya mlango na kuchomoa vibanio, yaani vishikizo vidogo vinavyoushika ukanda, ambavyo vilivunjika kwa urahisi vikivutwa kwa pupa.