Historia ya Kusaka Hitilafu ya Taimingi ya Kamshafti

Katika injini ya mapigo manne, kamshafti huzunguka mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili. Uwiano huo unatokana na mzunguko wa kazi ambao Nikolaus Otto aliukamilisha Ujerumani mwaka 1876, na haujabadilika hadi leo. Krenki hupandisha na kushusha pistoni. Kamshafti hufungua na kufunga valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi. Vyuma hivyo viwili vikipishana hata kwa jino moja la cheni au la mkanda, valvu hufunguka wakati usio wake, injini hukosa nguvu, huwaka kwa shida au haiwaki kabisa, na katika injini nyingine pistoni huzigonga valvu na kuzipinda. Hitilafu yenyewe ni ya zamani kama injini. Namna ya kuibaini ndiyo iliyopitia mageuzi makubwa.

Kwa miongo mingi ushahidi wote ulikuwa kwenye vyuma. Viwanda vilichonga alama kwenye gia za krenki na za kamshafti, nukta ikitazamana na nukta, na fundi aliyeshuku taimingi alizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ifike juu kabisa, kisha akafungua kifuniko cha mbele na kuangalia. Kazi hiyo ilimaliza siku nzima, kwa hiyo mafundi walitafuta njia ya kujua kabla ya kufungua. Taa ya taimingi, inayomweka kila plagi ya kwanza inapowaka, ilionyesha alama ya puli kana kwamba puli imesimama. Lakini ilipima wakati wa cheche, si wakati wa valvu. Kipimo kilichofaa zaidi kwa valvu kilikuwa geji ya vakyumu, iliyounganishwa kwenye manifoldi ya hewa. Injini nzima ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, huvuta kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, mshale ukiwa umetulia. Mshale ukitulia vilevile lakini chini sana ya hapo, fundi mzoefu alishuku kwamba valvu zinachelewa. Ni kipimo cha bei nafuu kinachosema ukweli hata kwenye injini za leo, na kukipuuza ni hasara kwa gereji yoyote.

Tatizo liliongezeka mkanda wa mpira wenye meno ulipochukua nafasi ya cheni katika injini nyingi. Glas 1004 ya Ujerumani ilikuwa gari la kwanza kuuzwa likiwa na mkanda wa namna hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Fiat ikaufuata mwaka 1966 kwenye injini iliyobuniwa na Aurelio Lampredi kwa ajili ya Fiat 124 Sport. Mkanda haupigi kelele wala hauhitaji oili. Lakini cheni iliyolegea hulia kabla ya kuruka jino, na mkanda hukatika bila kutoa taarifa.

Chanzo cha msimbo wa hitilafu, yaani namba ambayo kompyuta ya injini huhifadhi inapoona tatizo, hakikuwa gereji. Kilikuwa ukungu wa moshi uliofunika jiji la Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit wa taasisi ya Caltech alionyesha kwamba ukungu ule uliowachoma watu macho ulitokana na mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni zinazopigwa na jua, na kwamba magari yalichangia sehemu kubwa. California ikaweka viwango vya moshi kwa magari mapya ya mwaka 1966, Bodi ya Rasilimali za Hewa ya jimbo ikaundwa mwaka uliofuata, na mwaka 1970 Marekani nzima ikapata Sheria ya Hewa Safi. Viwanda vililazimika kufunga masega ya eksozi yanayosafisha moshi, na masega hayafanyi kazi vizuri ila mchanganyiko wa hewa na petroli ukidhibitiwa kwa uangalifu ambao kabureta peke yake haikuuweza. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia kwenye injini.

Mwaka 1981 General Motors iliweka kompyuta ya injini karibu katika magari yake yote ya petroli ya soko la Marekani. Kompyuta ile iliweza kutambua sensa iliyokufa, kuwasha taa kwenye dashibodi, na kuhifadhi namba ya tatizo. Fundi aliunganisha tundu mbili za soketi kwa kipande cha waya, kisha akahesabu jinsi taa inavyomweka. Viwanda vya Japani vilitumia njia hiyohiyo. Kwenye Corolla nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990, ambazo Afrika Mashariki inazifahamu sana, tundu zilizounganishwa ziliitwa TE1 na E1, ndani ya kiboksi kidogo kilichokaa kando ya injini. Swichi ikiwa imewashwa bila kupiga stata, taa ilimweka mara moja, ikatulia kidogo, ikamweka mara mbili: 12. Namba hiyo ilimaanisha kwamba kompyuta haikupokea ishara ya mzunguko wa krenki au ya nafasi ya kamshafti, ishara ambazo kwenye injini nyingi za wakati huo zilitoka ndani ya distributa.

Namba 12 inaonyesha uwezo na upungufu wa mfumo ule. Ilimweleza fundi kwamba ishara imekosekana. Haikumweleza kama koili ya kuchukulia ishara imeungua, waya umekatika, au mkanda umekatika na distributa haizunguki kabisa. Na kwa kuwa kila kiwanda kilikuwa na namba zake, aliyemudu Toyota aliikuta Nissan ikiwa kitabu kingine. California ilitoa kanuni zake za kwanza za kompyuta kujikagua kwa magari ya mwaka 1988, lakini lugha haikuwa moja.

Wakati huohuo kamshafti yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1980 Alfa Romeo iliuza Marekani gari la Spider lililoweza kusogeza lenyewe kamshafti ya hewa, yaani ile ya valvu za kuingiza hewa, kwa kifaa cha mhandisi Giampaolo Garcea, na sababu kubwa ilikuwa kukidhi sheria za moshi bila kupoteza nguvu. Honda ilileta mfumo wake wa VTEC mwaka 1989, BMW ikaleta VANOS mwaka 1992, na mwaka 1995 Toyota ikaanza kutumia VVT-i kwenye injini ya 2JZ-GE ya Crown. VVT-i ilihama haraka kutoka gari la kifahari kwenda magari ya kawaida: 1NZ-FE ya Probox na Vitz, 2NZ-FE ya IST, 1ZZ-FE ya Premio. Kuanzia hapo taimingi haikuwa tena jambo lililowekwa mara moja kiwandani. Kompyuta iliibadilisha kila sekunde gari likiwa barabarani, kwa hiyo ilibidi iijue, na ikiijua inaweza pia kulalamika.

Ndani ya injini hizo kazi hufanywa na oili. Pampu ya oili hupeleka oili kwenye valvu ndogo ya umeme, ambayo mafundi huiita OCV. Valvu hiyo huielekeza oili upande mmoja au wa pili wa kifaa kilichofungwa mbele ya kamshafti ya hewa, na shinikizo lake huisogeza kamshafti mbele au kuirudisha nyuma kwa nyuzi kadhaa. Kompyuta hupima matokeo kwa sensa mbili. Kwenye 1NZ-FE, sahani ya krenki ina meno 34, nafasi ya meno mawili ikiachwa wazi makusudi ili mwanzo wa mzunguko ujulikane. Sensa ya kamshafti husoma meno matatu. Kwa kulinganisha ishara hizo, kompyuta huhesabu pembe iliyotakiwa na pembe iliyopatikana.

Lugha moja ilipatikana kupitia kanuni za pili za California, zinazojulikana kama OBD-II. Zilianza kutumika hatua kwa hatua kwa magari ya mwaka 1994, na mwaka 1996 zikawa lazima kwa magari mapya yote madogo ya Marekani: soketi moja ya tundu 16, misimbo ya herufi moja na tarakimu nne, na maana moja kwa viwanda vyote. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. P0340, yaani hitilafu katika mzunguko wa umeme wa sensa ya kamshafti, iliwekwa katika kundi la 03 pamoja na misimbo ya cheche, kwa sababu sensa hiyo ilifikiriwa kwanza kama chombo cha kupanga cheche. Kamshafti inayosogea haikuwa na nafasi ya kutosha kwenye orodha hiyo, ndiyo maana Toyota ilitumia msimbo wake wenyewe, P1349. Baadaye orodha ya pamoja ilipanuliwa: P0011 kwa kamshafti iliyotangulia kupita kiasi, P0012 kwa iliyochelewa, P0016 kwa krenki na kamshafti zisizopatana.

Kenya na Tanzania, zinazoendesha upande wa kushoto kama Japani, zilipokea magari haya kwa wingi yakiwa yamekwisha kutumika.  Mengi ya mwisho wa miaka ya 1990 yalikuwa na soketi ya tundu 16 lakini yalizungumza na mashine ya kusoma misimbo kwa itifaki ya kiwanda, si ya OBD-II, kwa kuwa yalitengenezwa kwa soko la Japani. Mashine ya bei rahisi ilichomekwa na isione kitu, na mteja akaambiwa kompyuta ya gari imekufa ilhali ilikuwa nzima. Hata mashine inayosoma vizuri imewaingiza wengi hasara: P0011 inatokea, neno kamshafti linaonekana kwenye kioo, sensa ya kamshafti inanunuliwa na kufungwa, na taa inarudi baada ya siku chache. Msimbo uliandikwa kwa ajili ya sheria ya moshi. Unataja kile ambacho kompyuta imekiona, na hautaji chuma kilichoharibika.

Utaratibu uliotokana na uzoefu huo huanza na kijiti cha oili. Oili iliyopungua, iliyogeuka tope au iliyo nzito kuliko inavyotakiwa huchelewesha kamshafti bila kitu kingine chochote kuharibika, na desturi ya kumimina oili nzito ya namba 40 kwenye injini iliyochoka, iliyovumilika katika injini za zamani, huumiza injini ya VVT-i. Kisha huja OCV. Ikifunguliwa, kichujio chake cha wavu hukutwa mara nyingi kimeziba kwa uchafu mweusi. Koili ya OCV ya Toyota hupimwa kwa mita, nayo hutakiwa kusoma kati ya omu 6.9 na 7.9 kwenye joto la nyuzi 20. Injini ikiwa sailensa, OCV ikipewa umeme wa betri moja kwa moja, injini nzima hutetemeka au huzima, kwa sababu kamshafti imesogea wakati haikutakiwa. Injini isiposhtuka, ama OCV imekwama, ama oili haifiki, ama kifaa cha mbele ya kamshafti kimeganda.

P0016 ni jambo zito zaidi. Hapo ndipo cheni iliyorefuka, tenshena iliyolegea au jino lililoruka hushukiwa kwanza, hasa gari likitoa mlio wa kuparuza sekunde chache baada ya kuwashwa asubuhi. Tenshena ya 1NZ-FE husukumwa na oili pia, hivyo gari lililocheleweshewa huduma ya oili kwa muda mrefu huweza kutoa P0011 mwaka huu na P0016 mwaka ujao. Mafundi wenye osiloskopu ya chaneli mbili huweza kuona mawimbi ya sensa zote mbili kwenye kioo kimoja na kuyalinganisha na ya injini nzima ya aina hiyohiyo, na jino moja lililoruka huonekana bila kufungua kifuniko.

Mwaka 2006 Toyota ilianza kuuza Lexus LS 460 yenye VVT-iE, ambayo husogeza kamshafti ya hewa kwa mota ya umeme. Kwenye injini ya aina hiyo oili nzito au chafu haiizuii tena kamshafti ya hewa kusogea, na msako huanzia kwenye mota, waya na kidhibiti chake. Kamshafti ya moshi ya injini hiyohiyo, hata hivyo, iliachwa iendelee kusogezwa na oili.