Bunduki Katika Stoo ya Chuo

Ukiambiwa kuwa chuo kikuu kilitia saini kupokea bunduki, usicheke. Marekani ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya Morrill, aliyoisaini Rais Abraham Lincoln tarehe 2 Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, iliyapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi. Mlikuwamo pia maneno machache: mbinu za kijeshi nazo zifundishwe.

Mwaka 1916 yakaanzishwa mafunzo ya maofisa wa akiba. Idara yao ilikaa pamoja na za historia na kemia, ila mkuu wake alikuwa ofisa wa jeshi. Silaha zilibaki mali ya serikali; chuo kiliweka dhamana ya fedha. Mimi niliyewahi kusakwa wiki nzima kwa kinasa sauti cha ofisi, naielewa hofu ya mtunza stoo.

Na mwanafunzi je? Huko California, Wamethodisti waliokataa gwaride kwa ajili ya dini yao walisimamishwa masomo. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu iliwajibu kuwa hakuna aliyewalazimisha kusoma pale. Nao walikuwa wameshaieleza kuwa hawana fedha za kwenda kwingine.