Seli, chembe na siri ya mukau

Mwambie mkulima wa Kibwezi kwamba mche wake umeshika kwa sababu "seli zimegawanyika", na usishangae akidhani unazungumzia kituo cha polisi. Kwetu Kenya neno hilo lilizoea mahabusu kabla ya kuzoea biolojia. Lakini mwenye kujua historia hatalicheka. Mwaka 1665, Mwingereza Robert Hooke alichungulia kwa hadubini gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Akaona vijumba vitupu, akavipa jina litokanalo na neno la Kilatini la chumba kidogo. Kumbe seli ya mahabusu na ya uhai ni ndugu wa tumbo moja!

Alichoona Hooke kilikuwa maganda tu. Ilibidi kusubiri hadi 1838 na 1839, Schleiden na Schwann waliposema kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Zatoka wapi? Hapo waliteleza, wakadhani zinaganda zenyewe kama chumvi. Robert Remak aliziona zikigawanyika; sifa, kama kawaida ya dunia, zikamwendea zaidi Rudolf Virchow, aliyetangaza mwaka 1855 kwamba kila seli huzaliwa na seli.

Ndiyo maana siridhiki na "chembe hai", hata kama ni Kiswahili kitamu. Chembe ukiigawanya unapata vipande. Seli ikigawanyika unapata seli mbili nzima. Zinakua, kisha kila moja inashika kazi yake, hii kupitisha maji, ile kubeba chakula.

Sasa twende Ukambani. Mukau, ambao wanasayansi huuita Melia volkensii kutokana na jina la Mjerumani Georg Volkens, hutoa mbao zisizoliwa ovyo na mchwa, na majani yake ni lishe ya mbuzi wakati wa kiangazi. Basi unakatwa. Kuurudisha ndiyo kazi, kwani mbegu imefungiwa ndani ya kokwa gumu na huota kwa shida. Wenyeji waliokota kokwa zizini, zikiwa zimepitia tumboni mwa mbuzi. Wengine walizitia moto. Wengine walizika kipande cha mzizi. Hapo kwenye mzizi tutulie kidogo. Seli zilizokuwa sehemu ya mzizi zinagawanyika upya na kutoa shina na majani! Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria alikuwa bado anajaribu, bila kufaulu, kuzifanya seli za mmea zigawanyike zikiwa nje ya mmea.

Baadaye Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI), ikisaidiwa na Japani, iliteua miti bora ya mukau na kuipandikiza katika mashamba ya mbegu ya Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Kwa nini wasipande mbegu tu? Mbegu huchanganya damu ya wazazi wawili. Kijiti kilichokatwa ni mama yule yule. Chini ya gome kuna utando mwembamba wa seli ambazo hazijaacha kugawanyika. Ukilinganisha mikato miwili na kuifunga barabara, seli hizo huongezeka, huziba jeraha kwa nyama laini, kisha baadhi yake hugeuka mirija. Maji yakipita, kijiti kimepona. Yasipopita, kitakauka katika siku chache, na mkulima ataulaumu udongo.

Watanzania huiita kazi hiyo kubebesha. Mimi ningeliazima neno hilo leo hii, maana kupandikiza tumekwisha kuwapa madaktari wa figo.