Ishaqbini: Hirola Walivyobaki Kwao Ijara

Mwaka 1996, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilipoanza kuwakamata hirola wa kusini mwa Garissa na kuwahamishia Tsavo Mashariki, wafugaji wa Ijara walipinga hadi Mahakama Kuu. Wanyama hao ni wetu, walisema, na wabaki kwetu.

Hofu ya KWS kwamba hirola wangetoweka ilikuwa na msingi. Hirola, swala mwenye mstari mweupe unaopita katikati ya macho mithili ya miwani, asili yake ni mbuga za kati ya mto Tana na kusini mwa Somalia tu. Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Muongo uliofuata ukaja na ukame na sotoka, ugonjwa uliofyeka pia ng'ombe wa Wasomali, na wengi wakafa. Hifadhi ya Taifa ya Arawale, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili yao, haikufua dafu: bunduki zilizagaa mpakani na doria zikafifia.

Kazi ikawarudia wenyeji. Wafugaji wa Hara, Korisa na Kotile walitenga ardhi yao wakaanzisha hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na vijana wao wakaajiriwa kuwa askari wa wanyamapori. Mwaka 2012, wakishirikiana na KWS na shirika la Northern Rangelands Trust, walizungushia uzio eneo la karibu kilomita za mraba 27 kuzuia simba, fisi na mbwa mwitu. Hirola 48 waliingizwa humo. Kufikia 2016 walikaribia 100.

Nje ya uzio tatizo ni nyasi. Ndovu waliokuwa wakiangusha miti waliuawa na majangili, vichaka vikatanda, mifugo ikamaliza nyasi zilizosalia. Mtafiti Abdullahi Ali, mzaliwa wa Garissa na mwanzilishi wa Hirola Conservation Programme, anashirikiana na wafugaji kufyeka vichaka, kupanda nyasi za kienyeji na kuwalinda ndovu.

Hirola bado hawafiki 500 duniani. Serikali ya Kaunti ya Garissa ingefanya vyema kuweka upandaji nyasi katika bajeti ya mifugo, kwa kuwa anaposhiba hirola na ng'ombe hushiba, na mfugaji hangoji tena lori la chakula cha msaada kila kiangazi.